Mkwe Aliyehama Mapema

Nakhumicha alipoulizwa na bintiye kama angekwenda Marekani kumlea mjukuu, hakuuliza habari za nauli wala za baridi. Aliuliza kama nyumba ina mabafu mawili.

"Ni moja, Mama," Emmy alisema kwenye simu. "Ni nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Vyumba viwili vya kulala, sebule na bafu moja. Choo kiko humo humo."

"Na baba ya mtoto anaoga wapi?"

"Si ni humo humo, Mama. Ataoga wapi tena?"

Nakhumicha aliketi juu ya gunia la mahindi. Ulikuwa wakati wa mavuno, na ua wote wa nyumba yake, nje kidogo ya Kitale kwenye barabara ya Endebess, ulikuwa umetandazwa mahindi yakaushwe. Furaha ya kusikia kwamba Emmy, mtoto wake wa pekee, amejifungua mvulana, tena akampa jina la marehemu Wekoye, baba yake, ilikuwa bado mbichi. Watu walikuwa wamekwisha kumpongeza kwa jina hilo, maana kwa kawaida upande wa mume ndio hutangulia kutoa jina, na mkwe aliyekubali kukaa kando namna hiyo ni mkwe mwenye moyo mkubwa. Sasa bafu lilikuwa limeingia katikati.

Kwa faida ya wasiotoka pande hizo: kwa Wabukusu, mama mzazi wa mke na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali meza moja, wala hawalali chini ya paa moja. Si kwamba wanachukiana. Wanaheshimiana, na heshima yao inataka nafasi ya kutosha, ikiwezekana shamba zima katikati. Siku hizi wapo waliolegeza kamba, na kwenye harusi za mjini utaona bwana arusi anamkumbatia mama mkwe mbele ya kamera huku wazee wakitazama viatu vyao. Nakhumicha hakuwa wa kulegeza. Kabla Emmy na mumewe Mukhwana hawajaondoka nchini, aliwahi kukutana na mkwe huyo uso kwa uso katika soko la Kimilili, kwenye kichochoro cha mitumba. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Nakhumicha aliingia kibanda cha karibu, akawapa watu mgongo na kuanza kujipima koti la mwanamume mnene. Mukhwana naye aligeuka akarudi alikotoka, mbio mbio, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi. Mwenye kibanda alikuwa mwepesi wa kufungasha, kwa hiyo Nakhumicha alirudi Kitale na koti lisilomfaa mtu yeyote nyumbani kwake. Hata hivyo alikisimulia kisa hicho kwa fahari.

"Huyo ndiye mkwe," alisema. "Wengine wangesimama wakanisalimia."

Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akioga ndani ya bafu pekee la nyumba yenye mjukuu.

Nakhumicha alimpigia Dinah, dada wa marehemu mumewe, aliyeko Bungoma. Hawa wawili waliitana mulamwa, kama mawifi wa kwao wanavyoitana, na hapakuwa na jambo ambalo mmoja aliamua bila kumsikia mwingine. Dinah alikuwa amefanya kazi ya ukarani serikalini hadi akastaafu, na tangu astaafu alikuwa amejiajiri katika mila. Hakuna mahari iliyozungumzwa katika ukoo bila yeye kukaa kwenye kiti cha shangazi.

"Kwa hivyo," Dinah alisema taratibu, "ataoga, atoke, na wewe uingie ukanyage maji yake?"

"Ndiyo nashangaa, mulamwa."

"Hiyo haiwezekani. Mwambie akujengee kajumba hapo nje."

"Ni ghorofa ya tatu."

Dinah alifikiri. "Basi apange chumba kwa jirani. Wewe shughulika na pasipoti. Mambo ya bafu tutawapea muda."

Hivyo ndivyo safari ilivyoanza, pasipoti ikienda njia moja na bafu njia nyingine.

Pasipoti ilikuwa mikononi mwa Ubaid, kijana mwenye duka la kompyuta karibu na msikiti wa mjini Kitale. Nakhumicha alikuwa akimpelekea mama yake maziwa tangu Ubaid akiwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo alimwita mwanangu, na Ubaid alimhudumia mbele ya wateja wengine wote wakinung'unika. Jambo la kwanza lililotakiwa ni cheti cha kuzaliwa. Nakhumicha hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, upande wa Naitiri, mikononi mwa nyanya yake, na ushahidi pekee wa siku hiyo ulikuwa jina lenyewe: Nakhumicha ni msichana aliyezaliwa watu wakipanda mbegu. Kitambulisho chake, hata hivyo, kilisema tarehe kumi na mbili Desemba, kwa sababu karani mmoja wa zamani, alipoona kundi zima la watu wasiojua tarehe zao, aliwagawia wote Siku ya Jamhuri.

"Usibishane na hiyo, Mama Emmy," Ubaid alimshauri. "Kompyuta haijui mambo ya kupanda. Cheti na kitambulisho zikubaliane tu, basi."

Nakhumicha akashuka Bungoma, akalala kwa Dinah, akapata barua ya chifu na muhuri, na baada ya kwenda na kurudi kwa kutosha akatoka na cheti kilichothibitisha kwamba alizaliwa Desemba, wakati mahindi yako ghalani na hakuna mtu mwenye akili timamu anayepanda kitu. Kisha akaenda Eldoret kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Vidole vilivyokamua ng'ombe maisha yote havina michoro mingi. Alivifuta kwa kitambaa, akavikandamiza, akavifuta tena, mpaka kile kimashine kikakubali kwamba yeye ni mtu.

Wakati huo wote alikuwa akimpigia Emmy simu kumuuliza habari za bafu. Je, Mukhwana hawezi kuoga kazini? Je, jirani hana bafu? Emmy alijibu kwa maneno machache, tena siku baada ya siku yakizidi kupungua. Nakhumicha aliona ni uchovu wa mzazi.

Januari, asubuhi moja akiwa anamalizia kukamua, simu ililia.

"Mama," Emmy alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Mukhwana hayuko hapa tena. Alihama wiki iliyopita. Amebeba nguo zake zote. Kwa hivyo hayo maneno ya bafu yaishe. Wewe njoo tu."

Nakhumicha aliweka ndoo chini akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu, cha kutoka tumboni, na ng'ombe wote wawili waligeuza vichwa kumtazama.

"Amehama mwenyewe? Hukumsukuma?"

"Sikumsukuma, Mama."

"Na pasipoti bado haijatoka. Mungu ambariki huyo kijana."

Upande wa pili Emmy alivuta kamasi.

"Emmy? Unalia?"

"Ni mafua. Mama, mimi nilitaka kukwambia—"

"Usiniambie kitu, nimeelewa yote. Kunywa tangawizi, ufunike kifua. Ngoja nimpigie shangazi yako."

Kufikia jioni ya siku hiyo habari ilikuwa imefika Bungoma, na kufikia Jumapili ilikuwa kanisani Kitale. Nakhumicha alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na hakuwa na uchoyo wa ushuhuda. Alisimama akaeleza jinsi mkwe wake alivyoiacha nyumba yenye joto, katikati ya theluji, ili kumpisha mama mkwe ambaye hata pasipoti hajaipata. Akina mama walipiga makofi. Mmoja ambaye mkwe wake alikuwa na tabia ya kuingia jikoni kwake na kufunua sufuria aliinama, akatazama Biblia yake kwa muda mrefu. Kule Bungoma, Dinah alimfanya Mukhwana kipimo. Kijana yeyote aliyeleta wazee kuposa aliulizwa swali moja kabla ya kuulizwa ng'ombe.

"Sisi tuko na mkwe ako Marekani," Dinah alisema. "Ameachia mama mkwe nyumba kabla hata hajaulizwa. Wewe utatufanyia nini?"

Vijana waliwatazama wazee wao. Wengine, nasikia, walianza kumchukia Mukhwana bila kumjua.

Pasipoti ilitoka msimu wa kupanda, na Nakhumicha akaona hiyo ndiyo haki ya jina lake iliyopitia mlango wa nyuma. Ikabaki visa. Ubaid alifungua fomu kwenye kompyuta akawa anamtafsiria maswali.

"Mama Emmy, umewahi kushiriki ugaidi?"

"Nani amesema?"

"Hakuna mtu amesema, Mama. Wanauliza kila mtu. Umewahi kuuza silaha? Umewahi kushiriki mauaji ya halaiki?"

"Ubaid mwanangu, huyo mtu anayeuliza amewahi kuniona?"

"Nimeandika hapana."

Lilikuwepo swali moja, la ukahaba, ambalo Ubaid alilisoma kimoyomoyo, akajikuna sikio, akalijibu hapana bila kumshirikisha. Kisha akageuza kiti kumtazama.

"Sasa sikia. Hapa kazi ni moja. Huyo afisa anadhani kila mtu akifika huko hatarudi. Wewe muonyeshe kitu kinakuvuta nyumbani. Shamba, ng'ombe, kanisa. Hata ongeza ng'ombe kidogo, si mbaya."

"Ng'ombe ni wawili, na watabaki wawili."

Mji mzima ulimpa ushauri. Mmoja alimwambia asitabasamu, watadhani ana furaha ya kutoroka. Mwingine alimwambia atabasamu, watadhani ana siri. Mzee wa kanisa alimfundisha kusema anaogopa baridi. Nakhumicha aliwasikiliza wote, akashukuru, akaenda Nairobi katikati ya mwaka akiwa ameamua kusema kweli, si kwa ushujaa, ila kwa sababu majibu ya uongo yalikuwa mengi mno kuyakumbuka.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo nyuma ya kioo, mwenye Kiswahili safi cha darasani. Alimuuliza anakwenda kwa nani, na Nakhumicha akasema. Alimuuliza atakaa muda gani.

"Miezi mitatu. Siwezi kuzidisha."

"Kwa nini huwezi kuzidisha?"

"Kwa sababu ya mkwe wangu," Nakhumicha alisema. "Mimi sikai naye nyumba moja, ni mwiko. Ametoka kwake ili mimi niingie. Sasa nikikaa sana, huyo mtu atalala nje mpaka lini? Lazima nirudi ili naye arudi kwa mke wake."

Afisa aliacha kuandika. Aliomba aelezwe mwiko huo, na Nakhumicha, ambaye hakupenda kitu kuliko kuulizwa mila zake, alimweleza kwa mapana: mikono, meza, paa na bafu. Watu kwenye foleni walianza kusogea karibu.

"Na mkwe wako ametoka lini?"

"Januari."

Afisa alitazama pasipoti. "Lakini hii umeipata juzi tu, wakati wa masika. Januari hukuwa na pasipoti."

"Ndiyo," Nakhumicha alisema, akajiweka sawa. "Ni kijana wa adabu sana."

Yule mwanamke alimtazama. Alizitazama karatasi, akamtazama tena, kwa namna ambayo Nakhumicha aliichukulia kuwa ni heshima ya mgeni kwa mila asizokuwa nazo kwao. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nenda ukamwone binti yako, mama," alisema. "Visa yako imekubaliwa."

Nakhumicha alirudi Kitale kama mtu aliyeshinda kiti cha ubunge. Wenzake waliokwenda na hati za mashamba na picha za mabasi wanayomiliki walikuwa wamerudishwa. Yeye alikuwa amepita kwa mila. Mwacha mila ni mtumwa, aliwaambia akina mama, na mshika mila hupewa visa. Emmy alimsihi aondoke mara moja. Nakhumicha akamwambia atulie, mahindi yako shambani, aliyeyapanda ndiye atakayeyavuna, atakuja baada ya mavuno.

"Mama, mimi nimechoka," Emmy alisema.

"Kila mwenye mtoto mchanga amechoka. Na mumeo kule nje amekwisha zoea, miezi michache haitamuua."

Lililobaki kabla ya mavuno lilikuwa deni la adabu. Mtoto mwema hajizai, na Nakhumicha aliona haifai kupanda ndege bila kumshukuru aliyemlea Mukhwana. Alinunua blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, akashuka Kimilili nyumbani kwa Nelima, mama mzazi wa Mukhwana.

Nelima alimpokea mlangoni bila kumtazama usoni. Alimketisha, akamletea chai na viazi vitamu, kisha akakaa kwenye kiti cha mbali. Nakhumicha alinywa chai akisubiri. Kwa Wabukusu, mzazi wa mke wa mwanao hafiki nyumbani pasipo kuku kukimbizwa. Hata usipomwona kuku huyo utamsikia. Hapa kuku walikuwa wanatembea uani, wamenona, na hakuna aliyewagusa.

"Umekuja na nani, Mama Emmy?" Nelima aliuliza.

"Niko peke yangu."

"Na wazee watakuja lini?"

"Wazee wa nini?"

Nelima alitazama kuku uani. Nakhumicha aliona ni vizuri aseme lililomleta. Alisimama, akatoa hotuba aliyokuwa ameitayarisha tangu Kitale, kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwamba yeye ametembea kwingi lakini hajaona mkwe kama Mukhwana. Kwamba mtu aliyeacha kitanda chake kwa heshima ya mama mkwe amelelewa na mwanamke wa maana. Alilikunjua lile blanketi, akamwendea Nelima, akamwekea mabegani.

Nelima alilisukuma likaanguka.

"Kama umekuja kunisimanga, nisimange na mdomo," alisema. "Usinivalishe blanketi."

"Nikusimange kwa nini?"

Ndipo Nelima alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza, na alichokiona kilimfanya ashike kichwa.

"Kumbe hujui," alisema. "Ati hujui. Mukhwana alinipigia simu mwezi wa kwanza. Akasema, Mama, mambo ya nyumba imenishinda, nimetoka. Nikamuuliza, na mtoto? Akasema mtoto ako na mama yake. Akakata. Tangu hiyo siku simu yake haishiki. Sijui ako wapi. Sijui hata kama ako na mtu. Mimi nikajua mtakuja na wazee, mniulize. Nimekaa hapa nangoja wazee. Sasa ningekuchinjia kuku na uso gani?"

"Lakini alihama kwa sababu yangu," Nakhumicha alisema. "Kwa sababu ya bafu."

"Bafu gani?"

Nakhumicha alianza kueleza. Alieleza ghorofa ya tatu, na bafu moja, na ushauri wa Dinah, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoyasikia maneno yake mwenyewe, kama anayasoma mtu mwingine. Alifika kwenye kigelegele akashindwa kuendelea. Aliona aibu, aibu ya kweli. Nelima hakucheka, afadhali angecheka. Alitoka kwenye kiti chake cha mbali, akaja kuketi karibu naye, wakalia wote wawili, blanketi likiwa sakafuni katikati yao.

Alipoaga, Nelima aliliokota akalikunja, akamrudishia.

"Mpelekee mtoto," alisema. "Mwambie imetoka kwa nyanya yake wa Kimilili."

Nakhumicha hakungoja kufika nyumbani. Alisimama nje ya duka la mbolea akampigia Emmy. Huko kulikuwa ndiyo kwanza kunakucha, na nyuma ya sauti ya bintiye alimsikia Wekoye mdogo akilia.

"Nimetoka kwa Nelima," alisema.

Emmy alimbembeleza mtoto mpaka akatulia.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikwambia, Mama. Nilikwambia amehama na nguo zake zote. Ukapiga kigelegele." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mama yake. "Nikasema nitakwambia kesho. Kesho yake shangazi Dinah akanipigia kunipongeza. Halafu pasta akanitumia ujumbe, ati nimeolewa na mtu wa mfano. Sasa mimi ningeanzia wapi?"

"Nani anakusaidia?"

"Kuna mama mmoja hapa chini, Msomali, anaitwa Fadumo. Nikiwa na kazi ya usiku mtoto analala kwake."

"Tangu Januari?"

"Tangu Januari."

Nakhumicha aliuegemea ukuta wa duka. Mgeni asiyejua hata jina la ukoo wao ndiye aliyekuwa akimlaza Wekoye, na yeye muda wote huo alikuwa akitoa ushuhuda. Alikuwa amesema miezi michache haitamuua mtu. Alitamani sana mtu amchape.

"Nakuja," alisema. "Wiki hii, kama kuna ndege."

"Na mahindi?"

"Mahindi yana majirani."

"Mama, usiseme kanisani." Sasa Emmy alikuwa analia waziwazi. "Wataanza maneno ya ng'ombe wa mahari, na watasema mume alinishinda. Wacha nikiwa tayari nitasema mwenyewe."

"Sitasema. Mimi nimesema ya kutosha."

Ubaid alimtafutia ndege ya karibu. Alishangaa, kwa sababu alimjua Mama Emmy kuwa mtu asiyeacha mavuno, lakini alikuwa na adabu ya kutouliza. Dinah alipanda kutoka Bungoma kuja kumsindikiza, na Jumapili ya mwisho kanisa lilimfanyia maombi. Siri ya mtungi aijuaye kata, nayo kata siku hiyo iliketi kiti cha mbele, imefunga kitambaa kipya kichwani, ikitazama miguu ya mimbari.

Dinah aliomba nafasi ya kusema neno. Alisema mengi, na mengi yalimhusu Mukhwana. Alisema vijana wa leo wana shahada lakini hawana haya, na akamtaja mmoja ambaye Marekani haikumharibu. Pasta alipendezwa hivi kwamba aliwasimamisha watu wote, akaomba kwa sauti kubwa, Mungu amkumbuke mtumishi wake Mukhwana, amlinde na kumhifadhi, huko aliko.

"Amina," kanisa likasema.

Nakhumicha alisema amina kuwashinda wote. Maombi hayo, kwa kweli, yalikuwa yanahitajika, maana kuhusu huko aliko hapakuwa na mwingine wa kumuuliza isipokuwa Mungu. Na baada ya ibada alishikana mikono na watu mlangoni, akaambiwa mara nyingi kwamba amebarikiwa kwa mkwe, na kila mara akajibu asante. Hakuna aliyemlazimisha kula alichokuwa anakula. Alikipanda mwenyewe, katika kaunti mbili.

Siku ya kuondoka, gari likiwa limekwisha kufika uani na Ubaid akipakia mizigo, Dinah alimvuta kando, karibu na zizi.

"Mulamwa, sikia," alisema kwa sauti ya chini. "Moyo wa binti ni laini. Utakaa kidogo, ataanza kumhurumia bwana yake na ile baridi, aseme wacha arudi, alale hata sebuleni. Usikubali. Asiingie hiyo nyumba kabla wewe hujatoka."

Nakhumicha alitazama shamba lake lililosimama bila kuvunwa. Alifunga kifungo cha juu cha sweta, akashika mkono wa wifi yake.

"Usijali, mulamwa," alisema. "Hatarudi."